Hesabu Sahihi, Ulinzi wa Haki: Namna ya Kusahihisha Takwimu katika Lahajedwali



Nesitu ni mahali pa njia panda. Barabara itokayo Juba hugawanyika hapo: moja huelekea kusini hadi Nimule na mpaka wa Uganda, nyingine huelekea mashariki hadi Torit, Kapoeta na Nadapal, karibu na mpaka wa Kenya. Malori ya mizigo, wafugaji, wachuuzi, wanafunzi, na jamaa zetu wanaorejea kutoka kambi za wakimbizi, wote hupita hapo. Kwa hiyo ajali, wizi wa mifugo na uvamizi wa magari huripotiwa na watu wa lugha nyingi, kwa saa zisizofanana na katika madaftari yasiyofanana.

Habari hizo zote huishia mahali pamoja, nazo ni lahajedwali, yaani jedwali la kompyuta lenye safu na mistari. Kutoka humo hutolewa karatasi moja ya takwimu, ambayo husomwa mbele ya wazee na polisi katika baraza. Karatasi hiyo ndiyo huelekeza doria ipelekwe wapi na saa ngapi. Kijiji kilichoandikiwa sifuri kimakosa hukosa ulinzi. Kijiji kilichozidishiwa hubandikwa jina baya, na vijana wake husimamishwa njiani kwa shaka isiyo na msingi. Kosa la hesabu, basi, ni jambo la haki na la usalama, wala si jambo la karani peke yake.

Katika somo hili tutaeleza makosa yanayotokea mara nyingi, jinsi ya kuyatambua na jinsi ya kuyarekebisha. Tarakimu za vijiji tutakazotumia ni za kubuni, kwa ajili ya kufundishia tu. Matukio ya nchi nyingine tutakayoyataja ni ya kweli.

Je, kosa ni la mashine au la mkono?

Wako wanaosema kwamba kompyuta haikosei. Kauli hiyo si kweli kabisa. Programu ya Excel, katika matoleo yaliyotangulia lile la mwaka 2003, ilitumia njia dhaifu ya kukokotoa mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi tarakimu zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani wake. Tarakimu zilipokuwa kubwa sana na kutofautiana kidogo tu, jibu lilipotoka. Wataalamu wa takwimu walilalamika, na njia hiyo ikabadilishwa katika toleo la 2003.

Hata hivyo, makosa mengi tunayokutana nayo leo hayatoki ndani ya mashine. Hutoka kwenye namna tulivyoingiza habari, namna tulivyochagua visanduku vya kuhesabiwa, na namna tulivyosoma jibu. Kompyuta hufanya ilivyoamriwa. Haijui kwamba kulikuwa na mvua na mjumbe hakufika, wala haijui kwamba ng'ombe waliotajwa Jumatatu ndio hao hao waliotajwa Jumatano.

Kisanduku kitupu na sifuri

Tuchukue kijiji kimoja kilichoripoti wizi wa mifugo kwa miezi sita. Tarakimu ni hizi: 4, 6, kisanduku kitupu, 5, 0, 9. Jumla yake ni 24. Tukiiamuru kompyuta kwa AVERAGE itupe wastani, itaruka kile kisanduku kitupu na kugawa kwa 5, na jibu litakuwa 4.8. Tukiandika 0 mahali pa kisanduku kitupu, itagawa kwa 6, na jibu litakuwa 4.

Lipi ni sahihi? Kompyuta haiwezi kutuambia. Ikiwa mwezi huo taarifa ilifika na hapakuwa na tukio, basi ni sifuri, na wastani ni 4. Ikiwa taarifa haikufika, kwa kuwa barabara ilikatika au kwa kuwa watu waliogopa kusema, basi hatujui kilichotokea, na kisanduku kibaki kitupu. Kuandika sifuri mahali pasipojulikana ni kutoa ushahidi wa jambo ambalo hatukulishuhudia.

Dawa yake ni nyepesi. Kando ya safu ya idadi, iwekwe safu nyingine yenye maneno mawili tu: "imefika" au "haikufika". Karatasi ya barazani nayo itamke wazi: "Wastani huu ni wa miezi mitano, taarifa ya mwezi mmoja haikufika." Wananchi wakisikia hivyo watajua pengo liko wapi, na huenda wakawa wao wenyewe wa kuliziba.

Namba iliyogeuka maneno

Kosa la pili hujificha zaidi. Mtu akiandika 9 na kuitanguliza kwa alama ya ritifaa, au akinakili tarakimu kutoka kwenye ujumbe wa simu, kompyuta inaweza kuichukua kama maneno. Machoni petu ni 9, lakini katika hesabu haimo. Katika mfano wetu, jumla itashuka kutoka 24 hadi 15 bila onyo lolote katika jibu, na wastani utakuwa 3.75.

Dalili ya kwanza ni mahali tarakimu ilipoegemea. Kwa kawaida namba huegemea kulia mwa kisanduku, na maneno huegemea kushoto. Dalili ya pili hupatikana kwa amri mbili: COUNT huhesabu visanduku vyenye namba tu, na COUNTA huhesabu visanduku vyote visivyo vitupu. Majibu yakitofautiana katika safu inayopaswa kuwa na namba tupu, kuna namba iliyovaa nguo za maneno. Amri ya VALUE huirudisha katika hali yake. Lakini baada ya kuirudisha, jumla ikaguliwe upya.

Liko pia kosa la kinyume chake, nalo ni kuyachukua kama namba mambo yasiyopaswa kukokotolewa. Namba ya simu, namba ya jalada na namba ya gari ni majina yaliyoandikwa kwa tarakimu. Kompyuta huweza kufuta sifuri ya mwanzo ya namba ya simu, na Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba moja, zinazozidi huwa sifuri. Mwaka 2011 huko Uingereza ilitangazwa kwamba idara ya usalama ya MI5 iliomba habari za wenye simu 134 wasiohusika, kwa kuwa kasoro ya mpangilio wa lahajedwali iligeuza tarakimu tatu za mwisho za kila namba kuwa 000. Watu wasio na hatia walichunguzwa kwa sababu ya kisanduku kilichopangwa vibaya. Kwa hiyo safu za namba za simu na za majalada zipangwe kuwa maneno kabla ya kuingiza chochote.

Mistari iliyoachwa nje

Karani huandika fomula ya kujumlisha mstari wa 2 hadi wa 30. Mwezi unaofuata anaongeza matukio hadi mstari wa 37, lakini fomula bado inaishia 30. Matukio saba yameandikwa, yanaonekana, ila hayahesabiwi.

Kosa la namna hii liliwapata hata wasomi wakubwa. Mwaka 2010 wanauchumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha utafiti kuhusu madeni ya nchi na ukuaji wa uchumi, nao ulinukuliwa na viongozi wengi. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, alijaribu kuirudia hesabu hiyo asipate majibu yale yale. Alipopewa lahajedwali lenyewe, aligundua kwamba fomula ya wastani iliishia mstari wa 44 badala ya 49, ikaziacha nje nchi tano. Yeye na walimu wake Michael Ash na Robert Pollin walionyesha pia kwamba baadhi ya takwimu hazikutumiwa na kwamba namna ya kupima uzito wa kila nchi ilikuwa na walakini. Mambo hayo yote yaliporekebishwa, wastani wa ukuaji kwa nchi zenye madeni makubwa haukuwa tena upungufu wa asilimia 0.1, bali ongezeko la asilimia 2.2. Tuangalie jambo moja hapa: kosa lilifichuliwa na mwanafunzi, kwa sababu alipewa jedwali akalikagua.

Mfano wa pili ni wa wakati wa janga la korona. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba 2020, wagonjwa 15,841 hawakuingia katika hesabu za kila siku za Uingereza. Taarifa zao zilipitishwa katika mafaili ya mtindo wa zamani wa Excel, ambao hauchukui zaidi ya mistari 65,536, iliyozidi ilikatwa. Kwa hiyo kazi ya kuwatafuta watu waliokutana na wagonjwa hao ilichelewa.

Kinga yake ni kulinganisha. Hesabu matukio katika kitabu cha kituo, kisha hesabu mistari katika jedwali. Idadi hizo mbili zisipolingana, hakuna takwimu inayopaswa kutoka ofisini. Vilevile, bofya kisanduku cha jumla usome fomula yenyewe inaanzia wapi na inaishia wapi. Ikiwa mistari mingine imefichwa kwa kuchujwa, kumbuka kwamba SUM hujumlisha hata iliyofichwa. Anayetaka jumla ya inayoonekana tu baada ya kuchuja atumie SUBTOTAL.

Saa na tarehe za mpakani

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi zaidi ya wengine. Tangu tarehe 1 Februari 2021, Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja, ilhali Uganda na Kenya zilibaki na saa ya Afrika Mashariki. Tukio lililoripotiwa upande wa Elegu saa mbili na robo usiku, upande wa Nimule ni saa moja na robo usiku. Taarifa za pande mbili zikichanganywa bila kusema ni saa ya nchi gani, tukio moja linaweza kuhesabiwa mara mbili, au doria ikapangwa saa moja baada ya hatari kupita.

Kisha kuna saa zetu za Kiswahili. Mama anayesema "saa tano na nusu usiku" anamaanisha 23:30. Karani asiye makini huandika 5:30, na kompyuta huielewa kuwa alfajiri. Kanuni iwe hii: mwananchi aseme kwa saa aliyoizoea, nasi tuandike kwa mtindo wa saa 24 na kutaja nchi.

Muda unaovuka usiku wa manane nao huleta taabu. Taarifa ikifika 23:30 na askari wakifika 00:20, kompyuta ikitoa saa ya kwanza katika ya pili hupata jibu la chini ya sifuri na kujaza kisanduku alama za reli. Amri ya MOD, ikipewa tofauti hiyo pamoja na 1, huleta jibu sahihi, yaani dakika 50. Iliyo bora zaidi ni kuandika tarehe na saa pamoja tangu mwanzo.

Kuhusu tarehe, maandishi 03/04 ni tarehe 3 Aprili kwetu, lakini kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Marekani huyasoma kuwa tarehe 4 Machi. Kompyuta hiyo hiyo ikikuta 13/04 haiielewi, nayo huiacha kama maneno. Safu ya tarehe ambayo nusu yake imeegemea kulia na nusu kushoto ni dalili ya ugonjwa huo, na hata zile zilizoegemea kulia zishukiwe. Mwezi uandikwe kwa jina.

Wastani unaopotosha

Fomula inaweza kuwa sahihi na jibu likapotosha. Tuseme askari walifika kwenye matukio matano kwa dakika 20, 25, 30, 35 na 240. Wastani ni dakika 70. Lakini hakuna hata mmoja aliyesubiri dakika 70: wanne walisubiri chini ya hapo, na mmoja alisubiri saa nne. Tarakimu ya katikati, inayopatikana kwa MEDIAN, ni 30. Inafaa kutaja zote mbili, na zaidi ya hapo kueleza kisa cha zile dakika 240, maana ndani yake yuko mtu aliyeachwa.

Kosa jingine ni kuchukua wastani wa wastani. Kijiji cha kwanza kiliita polisi mara 2, wakafika kwa wastani wa dakika 10. Kijiji cha pili kiliita mara 18, wakafika kwa wastani wa dakika 50. Anayejumlisha 10 na 50 na kugawa kwa 2 atatangaza dakika 30. Hesabu ya kweli ni dakika 920 zikigawanywa kwa miito 20, yaani dakika 46. Hii ndiyo njia ambayo uzembe huvishwa kanzu ya ufanisi, hata pasipo nia mbaya.

Kuhusu mkengeuko sanifu, Excel ina amri mbili. STDEV.S hutumika tunapokuwa na sampuli tu ya matukio, na STDEV.P tunapokuwa nayo yote. Kwa dakika 20, 30 na 40, ya kwanza hutoa 10 na ya pili takriban 8.16. Aliyechagua aeleze kwa nini amechagua.

Matukio na idadi ya watu

Kijiji chenye watu 500 kilipata matukio 5. Mji mdogo wenye watu 4,000 ulipata matukio 10. Kwa idadi tupu, mji ndio wenye hatari zaidi. Kwa kila watu 1,000, kijiji kina matukio 10 na mji una 2.5. Picha imegeuka.

Lakini tahadhari: sensa kamili ya mwisho katika nchi yetu ilifanyika mwaka 2008, kabla ya uhuru wa tarehe 9 Julai 2011, na tangu hapo watu wengi wamehama, wamekimbia na wamerejea. Kugawa matukio ya leo kwa watu wa mwaka 2008 ni kupima shamba kwa kamba iliyokatika. Idadi ya watu ikitoka kwa machifu au kwa mashirika ya misaada, chanzo na mwaka viandikwe kando ya jibu. Vivyo hivyo kwa thamani ya mali iliyoibwa: pauni ya Sudan Kusini na shilingi ya Uganda zisijumlishwe katika safu moja.

Utaratibu wa kusahihisha

Kosa likigunduliwa, tufuate hatua hizi.

Kwanza, jedwali la awali lihifadhiwe kama lilivyo, na marekebisho yafanyike katika nakala. Anayefuta ya zamani hufuta pia uwezo wa kueleza kilichotokea.

Pili, turudi kwenye kitabu cha matukio cha kituo. Jedwali ni nakala. Kitabu ndicho asili. Pale kitabu chenyewe kinapotiliwa shaka, aulizwe aliyetoa taarifa.

Tatu, tuchukue mistari michache, kumi inatosha, na kuihesabu kwa kalamu. Jibu la kalamu na la kompyuta yakitofautiana, tusisonge mbele mpaka tujue sababu.

Nne, mtu wa pili asiyeandaa jedwali alikague. Jicho lililoandika huona lilichokusudia kuandika.

Tano, iandikwe ni kisanduku gani kilibadilishwa, kilikuwa na nini, kimekuwa na nini, lini na kwa nini.

Sita, wote waliopewa takwimu ya kwanza waambiwe. Ikiwa ilisomwa barazani, marekebisho nayo yasomwe barazani, kwa sauti ile ile. Kosa lililotangazwa hadharani halisahihishwi kwa kunong'ona.

Haki ya kuuliza

Wazee wetu na akina mama wa sokoni hawahitaji kujua fomula ili kukagua takwimu. Mara nyingi wao ndio wakaguzi bora, kwa kuwa wanajua yaliyotokea. Karatasi ikisomwa mbele yenu, ulizeni: Taarifa za vijiji vingapi zimo, na zipi hazikufika? Sifuri hii maana yake hapakuwa na tukio, au hakuna aliyeuliza? Saa hizi ni za nchi gani? Wastani huu umetokana na matukio mangapi? Nani mwingine amekagua?

Askari asilichukue swali hilo kuwa dharau. Nasi tunawasihi wananchi wasilifanye kuwa fimbo ya kumchapa karani, maana karani anayeogopa aibu huficha makosa, na kosa lililofichwa hukua. Tukumbuke pia kwamba karatasi ya barazani ni ya tarakimu tu. Majina ya walalamikaji na mashahidi hayapaswi kuonekana humo, hata kama jedwali la ofisini linayo.

Mtu aliyetembea mwendo mrefu kuja kuripoti kwamba ametekwa njiani ametukabidhi amana. Akija barazani na kuona kwamba tukio lake halimo katika jumla, hatasema fomula imekosea. Atasema polisi hawakumsikia, na safari ijayo hatakuja. Kwa hiyo kila mstari katika jedwali utunzwe kama neno la aliyeutoa.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kijiji chenu, ni sababu gani zinaweza kufanya taarifa ya mwezi isifike kituoni?

2. Miezi minne ina matukio 3, 7, 0 na 2, na mwezi wa tano taarifa haikufika. Wastani ni ngapi, na utaueleza vipi barazani?

3. Dereva anasema alivamiwa "saa nne usiku kwa saa ya Uganda". Utaandika saa ngapi katika jedwali la Sudan Kusini?

Majibu: katika swali la pili, wastani ni 3 kwa miezi minne, nao usomwe pamoja na kutaja mwezi uliokosekana. Katika swali la tatu, iandikwe 21:00, saa ya Sudan Kusini. Swali la kwanza mnalijua ninyi kuliko sisi. Leteni majibu yake katika baraza lijalo.